Hofu, Kodi na Kahawa: Nyumba na Wakazi wa Milima ya Umatengo na Mwambao wa Ziwa Nyasa

Kati ya vilele vya milima ya Umatengo, ambavyo vinakaribia urefu wa mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa kama Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, vilivyo mita 475 hivi tu juu ya usawa huo, ardhi hushuka kwa kasi, na katika mteremko huo mfupi hubadilika hali ya hewa, chakula, lugha ya nyumbani na namna ya kujenga. Mtafiti anayekuja huku akitafuta nyumba ya kale kwa maana ya jengo moja lililosimama karne mbili, lenye kuta zinazotajwa pamoja na majina ya waliowahi kukaa ndani yake, kama zilivyo nyumba za mawe za Lamu au za Mji Mkongwe wa Unguja, ataondoka mikono mitupu, kwa sababu nyumba ya udongo na nyasi haikujengwa ili imzidi umri aliyeijenga. Hata hivyo umbo la nyumba, mahali ilipowekwa, idadi ya watu waliokaa chini ya paa moja na vitu ilivyojengewa vina historia inayoweza kufuatwa kwa miaka 150 na zaidi, na historia hiyo inaonyesha kwamba watu wa Mbinga, wilaya ya milima hiyo, na wa mwambao hawakubadili nyumba zao kwa kuiga wageni tu, kama inavyosemwa mara nyingi, bali walizibadili kila mara hofu, kodi, usafiri au fedha vilipobadilika.

Nyumba ya zamani ya milimani ilikuwa ya msonge, yaani nyumba ya mviringo yenye paa lililochongoka juu kama pia, na ujenzi wake ulianza kwa kuchimbia miti wima katika duara, kuifunga kwa fito zilizolazwa kwa kamba za magome, kisha kukandika udongo uliokanyagwa na kulainishwa kwa maji ndani na nje. Paa liliundwa kwa makombamoyo, ambayo ni miti inayotoka ukingoni mwa ukuta na kukutana kileleni, na juu yake zikaezekwa nyasi kwa tabaka, kuanzia chini kwenda juu, ili kila tabaka lifunike ncha za lile lililotangulia na maji ya mvua yateleze bila kupenya. Upenu, yaani ile sehemu ya paa inayotokeza nje ya ukuta, ulishushwa sana hata mtu mzima akalazimika kuinama anapoingia, na sababu yake ni ya kawaida kabisa: mvua ya milimani hupiga kwa ubavu, na ukuta wa udongo usiokingwa hulainika na kuanguka katika misimu michache. Katikati ya nyumba palikuwa na mafiga, mawe matatu ya kuinjikia chungu, na juu yake dari ya miti iliyopangwa ambako zilihifadhiwa mbegu na nafaka, kwa kuwa moshi uliopanda kila siku uliwafukuza wadudu waharibifu, ukakausha nyasi za paa na kuipaka miti masizi yaliyoizuia isibunguliwe upesi. Nyumba isiyo na bomba la moshi ilishutumiwa sana na maofisa wa afya wa nyakati za ukoloni, na shutuma zao kuhusu macho na mapafu zilikuwa na haki, lakini hawakuuliza mbegu zingehifadhiwa wapi baada ya moshi kuondolewa.

Kule chini mwambaoni, ambako joto ni kali na upepo wa ziwa huvuma mchana, moto haukuwa na haja ya kulala ndani pamoja na watu, na shughuli nyingi za siku zilifanyika nje, kwa kuwa dagaa huanikwa juani, nyavu hushonwa kivulini na muhogo hulowekwa na kukaushwa uani. Nyumba ya huku ilikuwa hasa mahali pa kulala na kuweka vitu, na nguvu za wajenzi zilielekezwa kwenye upenu mpana unaoweza kukaliwa na kwenye vichanja, majukwaa ya miti ya kuanikia samaki na kuhifadhia chakula juu ya ardhi. Watu wa nyumba hizo walikuwa Wanyasa, Wampoto na Wamanda, ambao pamoja na Wamatengo wa juu walibadilishana samaki kwa maharage na nafaka kwa njia za miguu zilizopanda na kushuka milima hiyo muda mrefu kabla ya barabara yoyote.

Si sahihi, hata hivyo, kuihesabu nyumba moja ya Kimatengo kama makazi kamili, kwa kuwa nyumba hiyo ilikuwa chumba kimoja katika mpango mkubwa zaidi. Familia pana ilimiliki ntambo, kipande cha mlima kilichopakana na vijito pande zote mbili, kuanzia mgongo wa kilima hadi bondeni, na ndani ya ntambo hiyo zilipangwa nyumba za kina mama na watoto wao, nyumba za vijana wa kiume waliokaribia kuoa, maghala na mashamba. Kitovu cha makazi kilikuwa sengu, mahali pa wanaume wa ukoo kula pamoja chakula kilicholetwa kutoka kila jiko, kuamua magomvi, kugawa ardhi na kuwafunza vijana, na kwa hiyo mwanamume wa Kimatengo aliishi zaidi kwenye sengu kuliko alivyoishi ndani ya nyumba yoyote. Mpango huo uliungana na kilimo cha ngoro, ambacho ni mfumo wa mashimo yenye upana wa mita moja hadi mbili yanayochimbwa kwenye mteremko kwa mpangilio wa miraba, baada ya nyasi zilizofyekwa kulazwa katika mistari inayokatana na kufukiwa kwa udongo, hivi kwamba maji ya mvua hutulia shimoni badala ya kubeba rutuba kwenda bondeni. Wanaume hufyeka na kupanga nyasi, wanawake huchimba na kufukia, maharage hupandwa mwishoni mwa masika na mahindi hufuata msimu unaokuja. Ofisa wa kilimo A. H. Pike aliueleza mfumo huu katika jarida la Tanganyika Notes and Records mwaka 1938, na tangu hapo wataalamu wameutazama kama elimu ya udongo, ingawa unafaa kutazamwa pia kama sehemu ya makazi: ni kwa sababu ya ngoro kwamba watu wengi waliweza kukaa pamoja kwenye miteremko mikali bila kuhamahama.

Kukaa pamoja huko kwenye miteremko hakukuwa hiari tu. Wangoni, waliovuka mto Zambezi mwaka 1835 chini ya Zwangendaba na kuelekea kaskazini, waligawanyika baada ya kifo cha kiongozi huyo mwishoni mwa miaka ya 1840, na kufikia miaka ya 1860 makundi yao yalikuwa yamejiimarisha katika nchi ya Songea, mashariki ya Umatengo, yakiishi kwa sehemu kubwa kwa kuteka watu, ng'ombe na chakula cha majirani. Wamatengo waliokuwa wametawanyika waliparamia milima, wakajikusanya katika makazi yaliyosongamana, wakatumia mapango na miamba kama ngome, na mwamba wa Litembo ukawa kimbilio kuu katika kumbukumbu zao. Nyumba za kipindi hicho zilijengwa karibukaribu, kukiwa na walinzi sehemu za juu, na uzuri wa mahali ulipimwa kwa ugumu wa kupafikia.

Mwambaoni hofu hiyohiyo ilizaa nyumba ya aina nyingine kabisa. Wasafiri Waingereza waliozunguka ziwa katika miaka ya 1870, wa kwanza wao akiwa E. D. Young, aliyeleta meli ndogo ya mvuke Ilala mwaka 1875, waliona katika pwani za kaskazini na mashariki watu waliojenga vibanda juu ya nguzo zilizochimbiwa ndani ya maji ya kina kifupi, na wengine waliohamia juu ya miamba na visiwa vidogo vilivyo karibu na ufuo. Nyumba za nguzo zilikuwa jibu la kiufundi kwa adui aliyejua kukimbia lakini asiyejua mitumbwi: mtumbwi uliondolewa, na nyumba ikawa kisiwa. Mashamba yalibaki nchi kavu na yalilimwa kwa wasiwasi, jambo linaloeleza kwa nini njaa ilitajwa sana katika taarifa za kipindi hicho hata pale ambapo samaki walikuwa wengi. Nguzo zile zimeoza zamani na hakuna nyumba hata moja ya namna hiyo iliyobaki, lakini ni vigumu kupata mahali pengine katika Tanzania ya leo ambapo usanifu wa nyumba ulifuata siasa kwa unyoofu kama huo, kwani uvamizi ulipokoma, watu walirudi ufukweni na kujenga tena juu ya mchanga.

Mkataba wa mwaka 1890 kati ya Uingereza na Ujerumani uliiweka pwani ya mashariki ya ziwa, kuanzia kaskazini hadi mpaka wa eneo la Wareno, chini ya Wajerumani, na utawala wao ulifika kwa njia ya maji. Meli ya mvuke Hermann von Wissmann, iliyojengwa Hamburg kwa fedha za bahati nasibu iliyoandaliwa na kamati ya kupinga utumwa, ilisafirishwa vipandevipande kupitia mito ya Zambezi na Shire na kuanza safari ziwani mwaka 1893. Kituo cha kijeshi cha Songea kilianzishwa mwaka 1897. Na bandari mbili za mwambao zikapewa majina ya Kijerumani, Manda ikiitwa Wiedhafen na Liuli ikiitwa Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba uliopo hapo unaofanana na lile sanamu la Misri lenye mwili wa simba na uso wa mtu.

Chombo cha utawala kilichoingia ndani ya nyumba zaidi kuliko bunduki kilikuwa kodi. Amri ya Novemba 1897 iliweka kodi ya nyumba katika koloni lote, na kiwango cha nyumba za vijijini kikawa rupia 3 kwa mwaka, zilizoweza kulipwa mwanzoni pia kwa mazao au kwa kazi. Kwa mara ya kwanza nyumba ilihesabiwa na mtu asiyekaa ndani yake, na hesabu hiyo haikuelewa sengu wala ntambo: nyumba ya mama mkubwa, nyumba ya mama mdogo na nyumba ya vijana, ambazo kwa familia zilikuwa vyumba vya makazi mamoja, kwa karani zilikuwa nyumba tatu na rupia 9. Mapokeo ya Wamatengo yanaikumbuka Litembo ya mwaka 1902 kama mahali ambapo waliokataa amri za Wajerumani walikusanyika kwenye ngome yao ya zamani na kuuawa kwa wingi, na mwamba uliowahi kuwakinga dhidi ya mikuki haukuwakinga dhidi ya bunduki. Waingereza, walioiteka Songea mwaka 1916, waliendeleza mtindo uleule kwa Sheria ya Kodi ya Nyumba na Kichwa ya mwaka 1922, ambayo chini yake mume wa wake wengi alilipia nyumba ya kila mke. Ilikuwa busara ya kawaida, popote kodi ya namna hii ilipotozwa, kujenga nyumba chache na kuwalaza humo watu wengi zaidi, na nyumba ya mstatili, inayogawika kwa kuta za ndani kuwa vyumba viwili au vitatu huku ikihesabiwa kuwa moja, ilifaa zaidi kwa shabaha hiyo kuliko msonge, ambao haugawiki bila kuharibika. Kuenea kwa nyumba ya mstatili, ambayo bara iliitwa mara nyingi nyumba ya Kiswahili kwa sababu ilifuatana na watu wa pwani, kumeelezwa kwa kawaida kama upendo wa ustaarabu; inafaa kuongeza kwamba ilikuwa pia nyumba yenye faida mbele ya karani wa kodi.

Kodi hiyo ilibadili pia nani aliishi nyumbani, kwani wanaume wa Songea na wa mwambao waliitafuta fedha mbali, wengine katika mashamba ya mkonge ya Tanga walikoitwa manamba, na kwa miezi au miaka nyumba nyingi zilibaki mikononi mwa wanawake na wazee, ambao ndio waliozikandika upya kila baada ya mvua. Kazi ya kukandika na kusiriba, yaani kupaka ukuta udongo laini, haikuandikwa katika taarifa yoyote ya wilaya kama ujenzi, ingawa bila kazi hiyo hakuna nyumba ya udongo ambayo ingesimama miaka kumi.

Wamisionari walikuja na mawazo mawili tofauti kuhusu nyumba, na tofauti hiyo bado inaonekana katika mandhari. Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyojulikana kwa kifupi UMCA na iliyokuwa ya Kianglikana, ilifika ziwani kutoka upande wa Unguja, na mtu wake mkuu mwambaoni alikuwa William Percival Johnson, aliyezaliwa mwaka 1854, akasoma Oxford, akafika Unguja mwaka 1876, na baada ya kufukuzwa katika mji wa Mwembe kwa Mataka, chifu wa Wayao, akalifikia ziwa mwaka 1882 pamoja na mwenzake Charles Janson, aliyekufa muda mfupi baada ya kuliona. Johnson alipoteza jicho moja kwa ugonjwa na la pili likadhoofika, lakini alikusanya Uingereza fedha za meli iliyoitwa Charles Janson, ambayo ilianza kazi mwaka 1885, na makao makuu ya misheni yakawekwa katika kisiwa cha Likoma. Wamisionari wa UMCA hawakulipwa mshahara bali posho ndogo, walitakiwa kuishi bila ndoa wakiwa kazini, na viongozi wao walikataa kwa makusudi kuwageuza Waafrika kuwa Waingereza wa kuigiza. Imani hiyo ilikuwa na sura yake katika ujenzi: kanisa kuu la Mtakatifu Petro pale Likoma, lililojengwa kati ya 1903 na 1911 kwa mawe na matofali, lilipewa kila kitu ambacho misheni iliweza kutoa, ilhali nyumba za watumishi wake mwambaoni zilibaki za miti, matete, udongo na nyasi.

Kwa miaka mingi Johnson hakuwa na nyumba ya nchi kavu anayoweza kuhusishwa nayo, kwa sababu makao yake yalikuwa meli. Chauncy Maples, iliyopewa jina la askofu aliyezama ziwani mwezi Septemba 1895, iliundwa Glasgow na kupelekwa ikiwa katika vipande 3,481, na boila lake la tani 11 lilivutwa nchi kavu umbali wa kilomita zaidi ya 100 na Wangoni wapatao 450 wa upande wa Nyasaland, hata meli ikateremshwa majini mwaka 1901. Ilikusudiwa kuwa shule, zahanati, kanisa na bweni linaloelea, na humo wanafunzi wa ualimu walilala na kusoma wakati meli ikienda kutoka hori hadi hori, ikisimama kununua kuni kwa wanavijiji. Johnson alishukia karibu kila kijiji cha mwambao, akatembea kwa miguu, akalala katika nyumba za wenyeji na kula walichokula, na vitabu vyake viwili, Nyasa, the Great Water cha mwaka 1922 na My African Reminiscences cha mwaka 1924, vimeandikwa na mtu aliyezijua nyumba hizo akiwa mgeni wa ndani. Walimu waliofanya kazi pamoja naye, baadhi yao watumwa waliokombolewa na kusomeshwa katika chuo cha Kiungani, Unguja, walileta mwambaoni lugha ya Kiswahili cha vitabu, na inaelekea kwamba nyumba ya mstatili yenye baraza, yaani jukwaa la udongo la kukalia mbele ya mlango, ilipata heshima yake huku kwa sababu ilikuwa nyumba ya mwalimu.

Liuli yenyewe iliingia katika historia ya dunia kwa siku moja. Tarehe 13 Agosti 1914 meli ya Waingereza Gwendolen, chini ya Kamanda Rhoades, iliishambulia Hermann von Wissmann iliyokuwa imepandishwa nchi kavu hapo kwa matengenezo, na nahodha wake Berndt, rafiki wa Rhoades, alikuwa bado hajapata habari kwamba vita vimeanza; Waingereza walirudi tena Mei 1915 kuimalizia. Tukio hilo husimuliwa mara nyingi kwa kicheko, na wanaolisimulia hawataji kwamba bandari ile ilikuwa pia kijiji chenye watu. Baada ya vita jina la Sphinxhafen lilitupwa, Liuli ikawa kituo kikubwa cha UMCA katika upande wa Tanganyika, na Johnson akamalizia maisha yake hapo. Alifariki Liuli mwezi Oktoba 1928, miaka 46 baada ya kulifikia ziwa, na kaburi lake lipo huko hadi leo.

Wabenediktini wa Mtakatifu Otilia, waliofika kutoka Ujerumani na kuanzisha Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka 1899, walikuwa na wazo la pili. Kwao monasteri ilikuwa karakana na shamba sawasawa na mahali pa sala, na mabradha waliokuja na mapadri walikuwa waashi, maseremala na wahunzi. Majengo yao ya mwanzo, yaliyoezekwa nyasi kama ya jirani zao, yaliteketezwa katika Vita vya Maji Maji mwezi Septemba 1905, mwezi mmoja baada ya Askofu Cassian Spiss, mwanzilishi wa Peramiho, kuuawa karibu na Liwale. Na walipojenga upya, walijenga kwa matofali ya kuchoma. Utaratibu wake ulikuwa wa kufinyanga udongo katika fremu ya mbao, kukausha matofali kivulini ili yasipasuke, kuyapanga kuwa tanuri lenye matundu ya kuni chini yake na kulikandika nje kwa udongo ili joto lisitoroke, kisha kuchoma kwa siku kadhaa mfululizo. Misheni ya Litembo, iliyoanzishwa mwaka 1914 mahali palepale penye kumbukumbu ya mauaji, ilipeleka ufundi huo katikati ya Umatengo, na vijana waliofunzwa kazi katika karakana za misioni, hasa Peramiho ambako kanisa kubwa la abasia lilijengwa katika miaka ya 1940, walirudi vijijini na pima maji, mwiko na randa, wakawa mafundi wa kwanza wa kulipwa katika nchi ambayo nyumba ilikuwa imejengwa daima kwa msaada wa majirani na pombe ya shukrani. Hapo ndipo ujenzi ulipoanza kuwa biashara.

Ziwa nalo lilikuwa na amri yake juu ya wakazi wa mwambao. Kuanzia mwaka 1915 hadi 1935 maji ya Nyasa yalikuwa chini kiasi kwamba mto Shire, njia pekee ya kutokea, uliziba kwa mchanga na mimea na haukutoa maji, na wakati huo watu walijenga na kulima kwenye fukwe zilizofunuliwa. Kisha maji yakapanda kwa mita kadhaa, na mwaka 1980 yakafikia kimo cha juu kabisa cha karne. Kijiji cha mwambao kinachosimama leo mita mia kadhaa kutoka pale babu walipojenga hakikuhamishwa lazima na serikali wala vita.

Milimani, kilichoisukuma nyumba ya matofali kutoka misioni hadi kwa mkulima kilikuwa kahawa. Buni za aina ya arabika zilianza kupandwa Umatengo katika miaka ya 1920, na Chama Kikuu cha Ushirika cha Wangoni na Wamatengo, kilichofahamika kama NGOMAT na kuandikishwa mwaka 1936 kwa ajili ya tumbaku ya Songea, kilikuja kununua pia kahawa ya milimani. Kahawa haibadilishi kipato tu, bali inabadili mahitaji ya nyumba yenyewe: mkulima anamenya matunda yake nyumbani, anaziosha punje, anazianika kwenye meza za waya uani na kuzilinda kwa wiki nyingi kabla ya kuuza, na kwa hiyo anahitaji ua mpana, paa lisilovuja na chumba chenye mlango wa kufuli. Mabati yalitimiza mahitaji hayo na yalikuwa pia akiba inayoonekana, kwa sababu bati linaweza kung'olewa na kuhamishiwa nyumba mpya au kuuzwa. Dari ya moshi ilitoweka, jiko likatolewa nje na kuwa kibanda chake, na sengu ikadhoofika katika miaka hiyohiyo ambayo sebule, chumba cha mbele chenye viti ambamo baba anapokea wageni wake peke yake, ilianza kuonekana. Kati ya mabadiliko yote haya, hilo la mwisho ndilo lililogusa zaidi maisha ya wanaume wa Kimatengo, na ndilo lililoandikwa kidogo zaidi.

Sera ya vijiji vya ujamaa ya miaka ya 1970 ilibadili sura ya mwambao na nyanda za chini zaidi kuliko ya milima, ambako watu walikuwa tayari wamesongamana kiasi kwamba hapakuwa na pa kuwakusanyia. Bei ya kahawa iliyoporomoka mwaka 1989, baada ya mkataba wa kimataifa wa mgawo kuvunjika, na kuyumba kwa ushirika baada ya soko huria la miaka ya 1990, vilipunguza kasi ya ujenzi Mbinga, na bei zilipopanda ujenzi ulipanda nao. Katika karne hii Wilaya ya Nyasa imemegwa kutoka Mbinga, na barabara ya lami ya takriban kilomita 66 kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, iliyokamilika mwanzoni mwa miaka ya 2020, imerahisisha kushusha mwambaoni saruji, nondo na mabati ya rangi yaliyokuwa ghali kuyafikisha huko. Nyumba za matofali ya kuchoma za miaka ya 1950, pamoja na nyumba za kwanza za mapadri, masista na walimu, sasa zinaonekana za kizamani, na zinabomolewa ili matofali yake yatumike msingini mwa nyumba mpya.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na milango ya mbao iliyochongwa kabla ya mwaka 1940. Jengo lolote lingine linahitaji tamko la Waziri katika Gazeti la Serikali. Kipimo hicho kilifaa magofu ya Kilwa, lakini katika nchi ambayo mwaka 1863 watu wake walikuwa wakilala mapangoni na juu ya nguzo ziwani, hakilindi ukuta hata mmoja. Halmashauri za Mbinga na Nyasa, majimbo ya Kanisa Katoliki na Kanisa Anglikana yanayomiliki majengo ya zamani zaidi, na vyuo vinavyofundisha historia na usanifu, havina sababu ya kungoja sheria ibadilishwe ili vipime nyumba hizi, kuzichora ramani, kuzipiga picha na kuandika nani alizijenga, kwa fedha ya mazao yapi, na nani alilala chumba gani. Kazi hiyo ianze na nyumba za misioni za Liuli, Kigonsera na Litembo pamoja na nyumba za mabati za wakulima wa kwanza wa kahawa, kwa kuwa watoto wa waliozijenga bado wapo na wanaweza kuulizwa.